Nguvu Zimepungua, Naomba Mnivumilie

Dereva wa lori akisema "nimepata pancha," hakuna anayemuuliza ni mguu gani. Mama ntilie akisema "leo nimeisha mapema," hakuna anayemkimbiza hospitali. Watu wanaelewa kwamba aliyeisha ni wali na maharage. Sisi mafundi wa mitambo ya redio tunaongea hivyohivyo: niko hewani, nimekatika, nimerudi, nguvu zangu zimeshuka. Ndiyo lugha ya kazi, wala sikuibuni mimi. Nimeeleza jambo hili kwa watu wengi mno hapa Morogoro, na wote wamenisikiliza kwa upole, kisha wakanipa pole.

Mimi ni fundi wa redio ndogo ya jamii. Studio yetu iko Mafiga, lakini mtambo wenyewe, ule unaorusha matangazo, uko juu mlimani, kwenye kijumba cha matofali kando ya mlingoti. Watu wa mjini wanatusikiliza nusunusu, huku wanakata vitunguu au wanabishana mpira. Wanaotusikiliza kwa dhati ni wa milimani, wakulima wa kabichi na karoti kwenye miteremko ya Uluguru, ambao kwetu wanapata matangazo ya misiba, ratiba za misa, na kipindi cha salamu. Kipindi cha salamu kikiruka, simu zinazokuja ni za kutukana.

Masika hayo simu zilikuja za kutosha. Kila alasiri, ukungu ukishatanda, vijiji vya nyuma ya milima vilikuwa vinatupoteza. Nikapanda kwenye kijumba, nikaangalia mita, na kweli, nguvu inayotoka ilikuwa imeporomoka. Sasa hapa lazima nieleze kidogo, na naomba msinicheke mapema. Ndani ya amplifaya yetu kuna sehemu inayopima nguvu inayotoka na kuirekebisha yenyewe, bila mtu kugusa. Nguvu ikipungua, inaisukuma juu. Ikizidi, inaishusha. Na kama antena inakataa kupokea, nguvu ikaanza kurudi nyuma badala ya kwenda hewani, basi ile sehemu inaupunguza mtambo makusudi, ili usiungue. Sisi mafundi tunasema mtambo umejishusha. Si ugonjwa, ni akili yake. Ugonjwa ulikuwa juu ya mlingoti, kwenye kiungo cha waya, ambako nilijua kabisa maji ya mvua yameingia. Lakini mvua ilikuwa inanyesha kwa radi, na mimi sipandi chuma kirefu kwenye radi kwa ajili ya salamu za mtu.

Mtangazaji wetu wa salamu ni binti mmoja mwenye mdomo mwepesi kuliko wa kasuku. Alichoka kutukanwa. Akaniambia, "Kaka, njoo uwaeleze mwenyewe. Wewe ndiye fundi." Nikakataa. Akasema naogopa maiki. Mimi ukiniambia naogopa, basi umenimaliza. Nikavuta kiti, nikakaa, nikasema maneno ambayo leo hii kila mwendesha bodaboda wa Mwembesongo anayajua kwa moyo.

Nilisema hivi: "Ndugu wasikilizaji, mimi ndiye fundi. Ni kweli nguvu zangu zimepungua. Asubuhi ninakuwa vizuri tu, lakini ikifika jioni ninashuka. Wengine wananishauri nizilazimishe. Hapana, nikizilazimisha nitaungua. Niwatoe wasiwasi, mlingoti umesimama imara, haujalegea hata kidogo. Tatizo ni nguvu. Naomba mnivumilie, nguvu zitarudi."

Nilimwona yule binti ameziba uso kwa karatasi, mabega yanamtikisika. Nikadhani kapaliwa. Nikamsogezea maji.

Loh! Mtu asikudanganye kwamba aibu inaanza pale pale. Mimi nilitoka studio kifua mbele, nikijiona nimeongea kitaalamu. Nikaenda moja kwa moja mjini, kwenye duka la mzee mmoja wa Kihindi anayeuza vifaa vya umeme, kununua kiungo kipya cha waya na utepe wa mpira. Mzee yule ni mtu wa heshima, mtu wa swala tano, tunajuana tangu nikiwa mwanafunzi. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, nimefuata kifaa." Akaniangalia muda mrefu juu ya miwani. Akasema, "Marahaba fundi. Kifaa cha mtambo ninacho. Kile kingine, wallahi, hapa hatuuzi." Wateja wakaangua kicheko. Mmoja akanichezeshea simu yake, na sauti iliyotoka mle ilikuwa yangu, ikisema mlingoti haujalegea, na mtu kaunganisha na ngoma chini yake.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikatoka bila kifaa. Njiani kijana wa bodaboda akapaza sauti, "Oya, Nguvu! Zimerudi?" Nikamjibu tusi ambalo sitaliandika, akazidi kufurahi. Mtaa mzima ukajua kwamba fundi anakasirika, na mtu akijulikana anakasirika, basi kaisha. Mpaka nafika nyumbani nilikuwa nimeshaitwa hivyo mara nyingi kuliko jina langu.

Mke wangu ni fundi cherehani. Nilimkuta amekaa mbele ya mashine yake, hashoni. Alikuwa amecheka mpaka machozi, wateja wake walikuwa wamemsikilizisha. Aliponiona akaanza tena, akasema, "Baba, kwani ulishindwa kusema 'mtambo'? Neno moja tu, mtambo!" Nami nikacheka kidogo, kwa hasira. Halafu akanyamaza, akajifuta uso na kipande cha kitambaa, akaniambia mjomba wake amepiga simu. Amesikia redioni. Anatuita Jumapili, kikao cha familia.

Hapo kicheko kikaisha, na nitasema kwa nini. Mke wangu ni Mluguru, na kwao mtoto ni wa ukoo wa mama. Huo ukoo wanauita lukolo. Mimi ni mtu wa Singida, kwetu mambo ni ya baba, kwa hiyo ilinichukua muda kuelewa kwamba kule milimani mimi ni mkwe tu, na mwenye kauli ni mjomba, kaka wa marehemu mama yake. Mama yake alizaa mtoto mmoja, huyu mke wangu. Huyu asipozaa, nyumba ya mama yake inaishia hapo. Sisi tulikuwa tumeoana miaka kadhaa, na mtoto hakuna. Kikao hicho kilikuwa kinanukia muda mrefu, na aliyekuwa akisubiriwa kukalishwa chini alikuwa ni yeye. Kulikuwa na neno ambalo wanawake wa kwao walikuwa hawajalitamka mbele yake, ila walikuwa wamelishika mdomoni. Neno lenyewe ni tasa.

Na ukweli tulikuwa nao sisi wawili tu. Tulikwenda Dar kupimwa, kimyakimya, tukisema tunakwenda harusini. Mimi walisema niko sawa. Yeye walisema mirija imeziba pande zote mbili. Tuliporudi aliniomba jambo moja, kwamba asilisikie hilo kutoka mdomoni mwangu mbele ya mtu mwingine yeyote, maisha yake yote. Nikamwahidi kirahisi, maana wakati ule hakuna aliyekuwa ananiuliza.

"Jumapili nitawaeleza," nikamwambia. "Nitawaeleza ni mtambo, mambo yaishe."

"Waeleze," akasema, akarudi kwenye mashine yake. Alikanyaga pedali muda mrefu na sikuona kitambaa kikisogea.

Jumapili tulipanda kwao. Tulifika watu wanatoka misa ya pili, kengele bado inalia, na wanawake waliokuwa wamebeba vitabu vya nyimbo wakatusimamisha njiani kunipa mkono. Wananipa mkono, wananiangalia, wanainamisha macho. Mmoja akaniambia, "Mungu ni mwema, baba." Nilihisi masikio yanawaka moto. Nilikuwa nimevaa shati jeupe alilonishonea mke wangu, na jasho lilikuwa limeshalilowesha mgongoni.

Kikao kilikuwa sebuleni kwa mjomba, ndugu wamekaa ukutani kote. Mjomba ni mzee mwembamba, mikono myeusi ya udongo wa kabichi, mtu asiye na utani. Pembeni yake alikaa mama mkubwa, dada wa marehemu, ambaye yeye ndiye ulimi wa ukoo. Nikaamkia, "Shikamoo mjomba, shikamoo mama." Wakaitikia. Mjomba akasema, "Mkwe, tumekusikia redioni. Tumeona tusikuache peke yako. Ongea."

Nikaongea. Nilikuwa nimejiandaa. Nikawaambia kwamba yale yote yalikuwa ni habari ya mtambo, kwamba sisi mafundi tunasema "mimi" tukimaanisha mashine. Wakatikisa vichwa, taratibu, kama watu wanaomsikiliza mgonjwa anayesema hajambo. Nikaona haiwaingii. Nikaamua kuwaeleza mtambo unavyofanya kazi, na huo ndio ulikuwa ujinga wangu wa pili.

"Nguvu ikirudi nyuma," nikasema, "mtambo unajishusha."

"Unajishusha wenyewe?" mama mkubwa akauliza.

"Wenyewe, mama."

"Hata kama mtu hajaugusa?"

"Hata kama hajaugusa."

"Na ukiuacha upumzike?"

"Unapanda tena, mama, ila ukungu ukija..."

Sikumaliza. Wanawake wa ukutani walikuwa wamejifunika khanga mdomoni. Mtu mmoja akatoka nje kabisa, nikamsikia anacheka kwenye migomba. Jamani, mimi nina hasira za karibu, na nimekuwa nazo tangu utoto. Damu ikanipanda kichwani. Kila nililosema lilizidi kunizamisha, na mbele yangu ulikuwa umekaa ukoo mzima ukinionea huruma kwa ugonjwa nisiokuwa nao. Nikasimama. Nikasema kwa sauti ya juu, sauti ya kugombana:

"Jamani, mimi ni mzima! Sina tatizo lolote! Hata hospitali Dar wamenipima, wakasema mimi sina tatizo!"

Kicheko kilikatika. Nikasikia kuku wanaparua nje.

Mama mkubwa akasema taratibu, "Kumbe mlikwenda kupimwa." Hakuniangalia mimi. Aligeuza shingo kumtazama mke wangu. "Basi kama wewe mwenzetu ni mzima..." akasema, akaiacha hapo. Wote wakageuka. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango, anaangalia viganja vyake. Hakuniangalia hata mara moja. Nilimwona anaanza kukunja pindo la khanga, anakunja, anakunja, na nikaelewa kwamba anasubiri lile neno, na kwamba aliyelifungulia mlango ni mimi, mume wake, ili nisichekwe.

Nimeaibika mara nyingi maishani, lakini mbele ya aibu hiyo, duka la Mhindi lilikuwa mchezo wa watoto. Pale dukani nilichekwa bila kosa. Hapa sikuchekwa na mtu, na kosa lilikuwa langu.

Nikakaa chini. Nikasema, "Nisameheni wazazi wangu. Nimesema uongo kwa sababu ya aibu. Hospitali walisema ni mimi."

Sijui kama walinisadiki kwa maneno au kwa sura. Nadhani ni sura. Mwanaume aliyesimama akapiga kelele kwamba ni mzima, kisha akakaa akainamisha kichwa huku chozi linamtoka, nani asingemsadiki? Chozi lilikuwa la kweli. Walikosea tu linamlilia nani.

Mjomba alinyanyuka akaja akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Mzee yule sijawahi kumwona akigusa mtu. Akasema, "Mimi nimezeeka, sijawahi kusikia mwanaume anajishusha namna hii mbele ya wakwe zake. Tena ulianza redioni, tukakucheka. Sisi ndio wa kuomba radhi." Alisema "anajishusha." Neno langu la mtambo, nimelikuta mdomoni kwake likiwa na maana yake ya kawaida, na sikuwa na haki nalo. Nilishindwa hata kuinua macho.

Mama mkubwa naye akaenda kwenye mkeka, akamkumbatia mke wangu. "Mwanetu, kumbe ulikuwa unambebea mwenzio mzigo! Umevumilia, mwanangu, umevumilia." Hapo mke wangu akalia kwa sauti. Wanawake wote wakamzunguka kumbembeleza, na wakaanza kumwita mke mwema, mke wa mfano. Kabla hatujaondoka tukapewa kabichi, karoti, na fungu kubwa la mizizi lililofungwa kwa majani makavu ya mgomba. Mizizi ilikuwa yangu. Mjomba alinielekeza namna ya kuichemsha, mbele ya watu wote, kwa undani usio wa lazima.

Wakati wa kushuka mke wangu alitangulia. Tulitembea mpaka kwenye kijito. Pale akasimama, akanigeukia, macho mekundu.

"Kidogo uniache pale," akasema.

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema nilighafilika, hasira, joto. Nikasema, "Ndiyo. Kidogo nikuache."

Aliniangalia sana. Halafu akatoa lile fungu la mizizi kichwani kwake, akanisukumia kifuani. "Beba dawa yako," akasema, akavuka maji.

Ninainywa mpaka leo. Ni chungu, ina harufu ya udongo na sabuni, na wageni wa kwao wakija naichemsha mapema ili waikute mezani. Dukani mzee ameacha kunitania. Ananiongezea utepe juu ya niliolipia na kusema ni zawadi, jambo ambalo ni baya zaidi. Bodaboda bado wananiita Nguvu. Kuna siku naamka nikitaka kumshika hata mmoja tu kwenye kola nimwambie ukweli wote, yeye tu, aende nao. Nasema hivi ili mtu asije akanifikiria vizuri. Hamu hiyo haijanitoka, na kila ikija nauona tena ule mkono unaokunja khanga. Nilipomwambia mke wangu kwamba nataka kuyaandika haya, alifikiri siku nzima, akasema, "Andika, ila usitaje jina la mtu. Mjomba hasomi vitabu. Mjomba anasikiliza redio."

Mvua ilipotulia nilipanda mlingoti. Nilifungua kile kiungo cha waya, maji yakanimwagikia mpaka kwenye kwapa, meusi ya kutu. Nikakata, nikaunga upya, nikazungushia utepe wa mpira mpaka pakawa panene kama goti la mtoto. Niliposhuka na kuwasha, mshale wa mita ukapanda taratibu, ukafika mahali pake, ukatulia. Umeme ukayumba, mshale haukuyumba. Ukungu ukaja jioni, mshale ukakaa palepale. Ile sehemu inayorekebisha nguvu ilikuwa inafanya kazi yake, na mimi nilikuwa nimefanya yangu, vizuri kuliko nilivyowahi kufanya kazi yoyote.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa kijumbani, namsikiliza yule binti na salamu zake. Akapokea simu. Sauti ikasema inapiga kutoka milimani, na niliijua kabla haijasema jina. Mjomba alipiga kelele kama watu wanaoamini kwamba umbali unashindwa kwa kelele. Akasema, "Salamu zangu ni kwa mkwe wetu, fundi wa redio. Asione haya. Aendelee na dawa. Ukoo mzima tunamwombea, nguvu zake zitarudi."

Kwenye amplifaya kuna kitufe cha kuzungusha, ndicho kinachoiambia ile sehemu ni nguvu kiasi gani ishikilie. Ningekizungusha kidogo tu, milima yote ya nyuma ingesikia mkwaruzo, na salamu za mzee zingeishia kwenye miteremko ya karibu. Mkono wangu ulikuwa tayari juu yake. Mshale ulikuwa umesimama pale pale nilipouweka, hautikisiki. Nikautoa mkono, nikauweka mfukoni, nikasimama hivyo mpaka mzee alipomaliza.

Nyumbani nilimkuta mke wangu anashona, redio iko juu ya mashine, imefunguliwa sauti yote. Nikavua viatu, nikaweka sufuria ya mizizi jikoni.

"Leo ilisikika vizuri," akasema, bila kuacha kushona. "Mama mkubwa kanipigia. Anasema imesikika mpaka kwao, kila neno."